Matufaha ya kuoka kwa mwenye kisukari: yana faida gani, na yaokweje?

Swali la msomaji wa Tanga: Mama mkwe wangu ana miaka 68, ana kisukari cha aina ya pili na anameza metfomini asubuhi na jioni. Meno ya nyuma hana, kwa hiyo tufaha bichi linamshinda. Jirani alimletea matufaha ya kuoka yenye mdalasini, akamwambia ni dawa ya sukari na ya lehemu. Sasa mama anayataka kila siku, na wajukuu nao wanataka krambo (matufaha ya kuoka yenye chenga za unga, siagi na sukari juu) waliyoiona kwenye simu. Je, ni kweli ni dawa? Na niyaokeje ikiwa nina oveni ndogo ya umeme, na umeme ukikatika nina jiko la mkaa tu?

Jibu: Dawa si dawa, dada. Tufaha likiokwa linabaki kuwa tunda, na jirani amekwenda mbele ya ushahidi. Lakini usimnyime mama. Tufaha zima lililookwa na ganda lake, bila sukari ya kuongezwa, linamfaa mwenye kisukari, na kwa mtu asiye na meno ya nyuma lina faida isiyohitaji utafiti wowote: analila. Tunda bichi likibaki kwenye sahani halimpi mtu nyuzinyuzi wala kitu kingine. Krambo ya wajukuu ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwanza tazama kilichomo ndani. Gramu 100 za tufaha bichi pamoja na ganda zina takriban kalori 52, wanga gramu 14 (sukari ikiwa 10 kati ya hizo) na nyuzinyuzi gramu 2.4. Vitamini C ni miligramu 4 hadi 5 tu. Pera la kawaida, gramu zile zile 100, lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 na nyuzinyuzi gramu 5 hivi, tena kwa bei ndogo. Anayekula tufaha kwa kutafuta vitamini anapoteza pesa yake. Sifa ya tufaha iko kwenye nyuzinyuzi laini ziitwazo pektini, na kwenye kemikali za mimea za jamii ya polifenoli. Mojawapo ya hizo, kwasetini, karibu yote imekaa kwenye ganda. Ukilimenya, nyuzinyuzi zinashuka hadi gramu 1.3 hivi kwa gramu 100, na kwasetini inakwenda jalalani. Basi usimenye.

Moto unapunguza vitamini C, ambayo hata hivyo ilikuwa kidogo. Nyuzinyuzi haziungui, sehemu ya pektini inayoshikanisha nyama ya tunda inalegea na kuanza kuyeyuka kwenye majimaji, ndiyo sababu tunda linalainika. Sukari haiongezeki, ila maji yakipungua inakolea, na ulimi unadhani kuna kilichotiwa. Badiliko kubwa la kiafya liko kwenye mwendo wa kula. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 matufaha mazima, matufaha yaliyopondwa na juisi ya matufaha, wanga ukiwa sawa katika vyote vitatu. Juisi iliweza kunywewa kwa kasi mara 11 kuliko kula tunda zima. Shibe ilipungua kadiri tunda lilivyovurugwa, na insulini ilipanda zaidi kwa juisi na kwa tunda lililopondwa kuliko kwa tunda zima. Kwa jikoni yako maana yake ni kwamba tufaha liokwe likiwa zima au vipande vikubwa, na mama alile polepole kwa kijiko. Usilisage likawa uji kwa kumwonea huruma. Likiiva vizuri fizi zake zinatosha.

Kuhusu lehemu, hesabu inasema yenyewe. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya 2012 inayosimamia madai ya afya kwenye vyakula, unaruhusu kusema pektini husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha lehemu iwapo mtu anapata gramu 6 kwa siku. Kupunguza mpando wa sukari baada ya kula kunahitaji gramu 10 ndani ya mlo mmoja. Tufaha moja la kawaida lina pektini kama gramu 1 hadi 1.5. Mama angelazimika kula manne au zaidi kwa siku ili afikie kiwango cha lehemu, na hapo atakuwa ameingiza sukari ya tunda gramu 60 na kitu. Kwa sukari ya damu, kiwango chenyewe hakifikiki kabisa kwa sahani ya kitindamlo. Hii haimaanishi pektini ya tufaha moja haina kazi. Inajumlishwa na nyuzinyuzi za maharage, mboga, oti na dona anavyokula siku nzima. Lakini asitegemee tunda moja lishushe kipimo.

Kuna tafiti kubwa za ufuatiliaji. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa makundi matatu ya wahudumu wa afya wa Marekani: waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na mapea, walionekana kupata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi, na waliokunywa zaidi juisi za matunda walionekana kukipata zaidi. Ni uhusiano, na walaji wa matufaha huenda pia ni watu wa mazoezi na wasiovuta sigara, ingawa watafiti hujaribu kuyatenganisha hayo. Tena utafiti huo ulihusu watu ambao hawajaugua bado, mama ameshaugua. Ule usemi wa Waingereza kwamba tufaha moja kwa siku humweka daktari mbali nao ulipimwa Marekani mwaka 2015. Baada ya kurekebisha tofauti za elimu, uvutaji sigara na mengineyo, walaji wa matufaha walikwenda kwa daktari sawa na wengine.

Mdalasini ndio jirani aliouita dawa bila shaka. Majaribio ya mdalasini kwa wenye kisukari yametoa majibu yanayopingana, na hakuna sababu ya kumwachisha mtu kidonge kwa ajili yake. Kuna tahadhari ambayo wengi hawaijui: mdalasini aina ya kasia, ule wa magome manene magumu yaliyojikunja upande mmoja au pande mbili, una kemikali iitwayo kumarini kwa wingi, na kumarini ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mdalasini wa kweli, wenye magome membamba yanayovunjika kwa vidole na yaliyojiviringa tabaka kwa tabaka, una kiasi kidogo sana. Ukinunua wa unga hujui umepewa upi, kwa hiyo kwa mlaji wa kila siku nunua magome, chagua membamba, usage mwenyewe. Nusu kijiko cha chai kwa matufaha manne haina neno. Kijiko kizima kwenye chai kila asubuhi, juu ya matufaha, ndicho cha kuacha.

Sasa jikoni, tuanzie sokoni. Tunda la kuoka linataka uchachu na nyama iliyobana. Lile la kijani, Granny Smith, ambalo asili yake ni bustani ya Maria Ann Smith karibu na Sydney katika miaka ya 1860, ndilo linalosimama vizuri motoni kati ya yanayoingizwa kutoka Afrika Kusini. Golden Delicious la njano linafaa pia na ni tamu zaidi, kwa hiyo linavumilia kukosa sukari. Yale mekundu sana yenye ngozi nene na nyama ya unga yanasambaratika na ladha inapotea. Hayo yaliwe mabichi. Wewe uko Tanga, na Lushoto iko mkoani kwako: matufaha ya Usambara mara nyingi ni madogo na makali kidogo, hayana sura ya kwenye kalenda, lakini kwenye oveni yanafanya kazi nzuri, na tunda dogo ni faida kwa mwenye kisukari. Kwa wasomaji walio Uingereza, Bramley linayeyuka kuwa povu na linadai sukari nyingi. Waliache kwa ajili ya sosi.

Wauzaji hushusha bei ya matufaha yaliyogongwa, na watu huyanunua wakisema ya kuoka hayahitaji uzuri. Yaliyogongwa tu hayana shida, kata sehemu ya kahawia. Yenye ukungu au yaliyooza hadi kwenye kiini tupa yote. Ukungu wa matufaha hutoa sumu iitwayo patulini, na joto la oveni haliimalizi.

Kwa kuwa ganda linaliwa, lioshwe kweli. Nta iliyopakwa kwenye matufaha ya nje inaliwa bila madhara, ila inashikilia vumbi na dawa za shambani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wa mwaka 2017 uliona kwamba kuloweka kwenye bikabonati ya kupikia, gramu 10 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 12 hadi 15, kuliondoa dawa mbili zilizopimwa juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu. Ni vijiko viwili vya chai kwa lita. Si magadi ya kufulia. Kisha suuza na usugue kwa maji ya vuguvugu.

Kwa watu wanne:

matufaha 4 ya gramu 150 hadi 170 kila moja;
oti za pakiti, zile pana za uji, vijiko 4 vya chakula;
zabibu kavu kijiko 1 cha chakula na nusu, au tende 2 ndogo zilizokatwakatwa;
korosho au karanga zilizopondwa, vijiko 2 vya chakula;
siagi au samli vijiko 2 vya chai;
mdalasini nusu kijiko cha chai, iliki 2 zilizopondwa, chumvi kidogo sana;
ndimu nusu, na maji nusu kikombe.

Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi dakika 15 kabla. Kwa kisu kidogo chenye ncha toa kiini kuanzia juu, ukifanya shimo la upana wa sentimita 3, halafu kwangua mbegu zote kwa kijiko cha chai. Usitoboe chini: bakiza kitako cha sentimita moja na nusu, la sivyo kila ulichojaza kitamwagika. Sasa zungushia ncha ya kisu kiunoni mwa tunda, ukichanja ganda tu, kina cha milimita 2. Mchanjo huo ndio unaozuia tunda kupasuka ovyo, maana mvuke unapata pa kutokea. Paka ndimu ndani ya shimo ili lisigeuke kahawia.

Changanya oti, korosho, mdalasini, iliki na chumvi. Jaza bila kushindilia. Zabibu ziwe chini na oti juu, kwa sababu zabibu zikikaa juu zinaungua na kuwa chungu. Weka nusu kijiko cha chai cha siagi juu ya kila tunda. Yapange kwenye bakuli la kioo au la udongo lenye kuyabana yasianguke, mimina maji pembeni, funika kwa foili. Oka dakika 25, funua, chota majimaji ya chini uyamwagilie juu, rudisha bila kifuniko dakika nyingine 10 hadi 15. Yameiva kisu kikipita hadi katikati bila kukwama na tunda bado limesimama. Yaache dakika 10 kabla ya kuandaa. Ndani yake kuna moto unaobabua ulimi.

Kufunika mwanzoni si hiari kwa hali ya mama. Mvuke ndio unaolainisha ganda. Ukioka wazi tangu mwanzo ganda linakuwa kama ngozi ya kiatu, naye atalitema. Hata likiwa laini, mkatie kwa mkasi safi vipande vidogo mezani. Maganda marefu yanakwama kooni kwa mzee na kwa mtoto mdogo.

Sahani moja hapo ina takriban kalori 145, wanga gramu 27 na nyuzinyuzi gramu 4, bila kijiko cha sukari. Kumbuka hiyo 27, tutairudia.

Yanayoharibika. Tunda limesambaratika: aina mbaya, au umelisahau. Matufaha hayangoji, kati ya kuiva na kuwa ugali kuna dakika 5 hadi 10 tu, kwa hiyo anza kuyachoma kisu dakika ya 30. Nje limelainika, ndani gumu: limetoka kwenye friji moja kwa moja, au ni kubwa mno, au umekamulia ndimu nyingi. Asidi inaifanya pektini iwe sugu, na tunda lililozama kwenye ndimu linaweza kukaa saa nzima likagoma. Majimaji yameungua: bakuli ni pana kuliko matufaha, maji yametandazika na kukauka. Juu kumeungua huku chini kubichi ni ugonjwa wa oveni ndogo za umeme, ambazo waya wake wa juu uko karibu na chakula. Shusha rafu ya chini kabisa, na kama swichi inaruhusu washa waya wa chini peke yake hadi dakika 10 za mwisho.

Umeme ukikatika, unayo njia ambayo bibi zetu wa pwani walioka nayo mikate. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko bapa wa chuma. Babua jani la mgomba motoni lilegee, ulitandike chini na pembeni. Linazuia kushika na linatenganisha ndimu na alumini, maana asidi ikikutana na alumini chakula kinapata ladha ya chuma. Panga matufaha, tia maji robo tatu ya kikombe badala ya nusu, funika, kisha palia makaa juu. Gawa makaa yako mafungu matatu: moja chini, mawili juu ya mfuniko. Wengi hugeuza hesabu hii, wakapata matufaha yaliyoungua kitako na kububujika maji juu. Makaa ya juu yanaufanya mfuniko uwe moto kiasi kwamba mvuke haugandi na kudondoka tena kwenye chakula. Makaa yawe yameshika jivu jeupe, yasiwe na mwali. Fungua mara moja tu, dakika ya 30, uangalie maji na ukandamize kisu; kwa kawaida yanaiva kati ya dakika 40 na 50. Fanya kazi hii nje au kibarazani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua kwa gesi isiyo na harufu.

Sasa krambo. Nikueleze wazi: toleo la kawaida la Waingereza, kwa trei ya watu sita, hutia sukari gramu 100 hadi 150 na siagi karibu hiyo hiyo. Pai ni zaidi: kipande kimoja cha nane cha pai ya nyumbani kinaweza kufika kalori 400 na wanga gramu 57. Faida za tufaha zimo humo bado, zimefunikwa na unga mweupe, siagi na sukari. Lakini krambo inakubali kupunguzwa bila kuharibika, na ndiyo sababu naipendelea kuliko pai, ambayo ukiipunguzia mafuta inakuwa mbao.

Kwa watu sita, trei ya sentimita 20 kwa 20: matufaha gramu 900 yasiyomenywa, yakatwe vipande vya unene wa sentimita moja, ndimu kijiko kimoja cha chakula, wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chai, mdalasini nusu kijiko cha chai. Kwa juu: oti gramu 100 (kikombe kilichojaa hadi kichwa), unga wa atta gramu 60 (nusu kikombe), karanga zilizopondwa robo kikombe, sukari vijiko 3 vya chakula, siagi baridi gramu 60, chumvi kidogo. Fikicha siagi kwenye unga na sukari kwa ncha za vidole hadi upate chenga za ukubwa wa punje za mtama na nyingine kubwa kama njegere, ndipo uchanganye oti na karanga. Joto la Tanga linayeyusha siagi vidoleni, na siagi iliyoyeyuka inageuza chenga kuwa donge ambalo likiokwa linakuwa saruji. Basi kata siagi vipande vidogo, iweke kwenye friza dakika 15, na bakuli la unga liingie nalo. Vidole vikianza kung'aa mafuta, simama, rudisha bakuli kwenye baridi.

Tandaza matufaha, mwaga chenga juu bila kukandamiza, funika foili dakika 20 kwa nyuzi 180, funua dakika 20 hadi 25. Unataka kuona majimaji yakichemka pembezoni. Hapo ndipo wanga wa mahindi umeiva na rojo imeshikana. Ukitoa mapema unapata supu chini. Supu pia huja ukikata vipande vyembamba mno, au ukichanganya matufaha na sukari mapema yakakaa: sukari inavuta maji nje ya tunda. Katika kipimo hiki sukari yote iko juu, kwenye chenga, kwa makusudi. Ulimi unakutana nayo kwanza, na kiasi kidogo kinasikika kingi.

Sahani moja ya krambo hii ina sukari ya kuongeza gramu 6 tu, na nyuzinyuzi gramu 6 hivi. Hata hivyo wanga ni gramu 43 na kalori 300, kwa sababu oti na unga ni wanga vilevile. Wajukuu wale sahani, mama ale nusu. Oti zina nyuzinyuzi zake, beta-glukani, ambazo kwa lehemu zina ushahidi mzuri, lakini kiwango kinachotajwa ni gramu 3 kwa siku, na sahani hii ina 0.6 hivi. Uji wa oti wa asubuhi unasaidia zaidi.

Usibadilishe sukari kwa asali au sukari guru ukidhani umemwokoa. Kijiko kimoja cha chakula cha asali kina sukari gramu 17, zaidi ya kijiko cha sukari yenyewe, maana asali ni nzito. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari ya kuongeza, ambayo linataka iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana nusu ya hapo. Tende nayo ni tamu haswa: ile kubwa laini ina wanga gramu 18. Ndiyo maana niliandika mbili ndogo kwa matufaha manne. Kastadi na aiskrimu juu ya sahani ya mama, hapana. Vijiko viwili vya mtindi usio na sukari vinapendeza na vinaongeza protini.

Sasa ile gramu 27. Ni karibu sawa na wanga wa slesi mbili za mkate. Kwa hiyo tufaha la kuoka haliongezwi juu ya mlo wa kawaida, linachukua nafasi. Siku anapolila baada ya chakula cha mchana, punguza wali kwa nusu kikombe kilichopikwa au zaidi kidogo; akilila jioni, chapati ya usiku ibaki moja au isiwepo. Ni vizuri zaidi baada ya mlo wenye samaki, maharage na mboga kuliko peke yake akiwa na njaa. Nusu tufaha kila siku inavumilika kirahisi. Tufaha zima siku tatu au nne kwa wiki nalo ni sawa, mradi matunda mengine ya siku hiyo yahesabiwe.

Njia ya kumaliza ubishi na jirani ni kipima sukari. Mpime kabla ya kula, na tena saa mbili baada ya kuanza kula, siku mbili au tatu tofauti, mlo ukiwa unaofanana. Kwa watu wazima wengi lengo baada ya kula ni chini ya 10 mmol/L, na kwa wazee daktari huweza kulegeza. Ikivuka kila mara, punguza tunda liwe nusu tufaha na upime tena.

Tumbo likianza kuunguruma au choo kuwa chepesi, fikiria mambo mawili: metfomini yenyewe hufanya hivyo, na tufaha lina fruktosi na sorbitoli, ambazo baadhi ya matumbo hayazichakati vizuri. Apumzike na tufaha wiki moja, dawa aendelee nayo, uone. Ikiwa figo zake zimeanza kuchoka na ameambiwa apunguze potasiamu, tufaha ni rafiki kuliko ndizi: miligramu 107 kwa gramu 100 dhidi ya 358 za ndizi mbivu.

Metfomini peke yake mara chache sana hushusha sukari kupita kiasi. Lakini akija kuongezewa glibenklamidi, gliklazidi au insulini, jambo moja lijulikane na kila mtu nyumbani: akitetemeka, akatoka jasho na sukari ikasoma chini ya 4, asipewe tufaha la kuoka. Nyuzinyuzi na siagi zinachelewesha. Apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, arudiwe kama haijapanda. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Yanayobaki yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo chenye kifuniko, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwa kupasha, tia vijiko viwili vya maji kwenye kikaango, funika, moto mdogo dakika 6 hadi 8. Krambo pasha kwenye oveni bila kifuniko. Kwenye maikrowevu chenga zinalowa.